Gego linapolegea kabla ya wakati: saratani ya taya iliyosomwa jirani na Ariwara

Mtoto wa miaka sita akilichezea jino lake kwa ulimi, mama hashtuki. Umri wake umefika. Meno ya mbele ya utotoni huanza kung'oka wakati huo, na katika nyumba nyingi jino la kwanza hurushwa juu ya paa huku wadogo zake wakicheka.

Gego ni habari nyingine. Magego ya utotoni hukaa mdomoni hadi mtoto anapofika miaka tisa, kumi au hata zaidi. Gego likilegea kwa mtoto wa miaka minne au mitano, halijatoboka wala kuoza, na fizi inayolishika imeanza kujaa, huenda kuna kitu kinachokula mfupa kutoka ndani.

Ariwara, mji wa soko katika wilaya ya Aru, kaskazini kabisa mwa jimbo la Ituri, uko ndani ya ukanda ambao kitu hicho kinajulikana kwa jina. Ni limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga ambayo huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka minne na tisa, wavulana wakiwa takriban mara mbili ya wasichana, na ambayo mara nyingi huanzia kwenye taya. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48. Shavu lililoonekana limejaa kidogo Jumapili moja kanisani linaweza, kabla ya mwezi kwisha, kuwa limesukuma jicho.

Lakini hiyohiyo ni mojawapo ya saratani zinazoyeyuka vizuri zaidi kwa dawa. Mtoto anaweza kupona, iwapo kuna mtu atakayechukua kipande kidogo cha uvimbe, akakiangalia kwa hadubini na kukitambua kabla ya wiki nyingi kupita.

SHAVU HALISEMI

Si kila taya lililovimba ni saratani, na wengi wa watoto wanaofikishwa kituo cha afya wakiwa na shavu lililojaa hawana ugonjwa huu. Wengi wana jipu la jino. Wengine wana matumbwitumbwi, au kifua kikuu cha tezi, au mfupa ulioingiwa na usaha.

Hata kiungo chenyewe cha taya, pale mbele ya sikio, kina maradhi yake. Ndani yake kuna kisahani chembamba cha gegedu ngumu kinachozuia mfupa kusuguana na mfupa. Kwa mtu mzima ambaye taya lake hulia "ta!" kila akipiga mwayo, mara nyingi kisahani hicho kimehama mahali pake. Kikitolewa na kuangaliwa kwa hadubini, nyuzi zilizopaswa kulala kwa mpangilio huonekana zimevurugika na kuchanika, na mishipa midogo ya damu imeingia sehemu ambayo kwa kawaida haina damu. Kinauma na kinakera, lakini hakiui.

Ukiwa umesimama mbele ya mgonjwa, vivimbe hivi vinafanana kuliko mtu anavyodhani. Jipu lina joto na maumivu, ndiyo, na uvimbe wa Burkitt mara nyingi hauumi mwanzoni. Lakini jipu sugu lililokwisha kunyweshwa dawa za kuua bakteria nalo hupoa. Picha ya eksirei husaidia kiasi: kwa mgonjwa wa Burkitt, ule mstari mweupe mwembamba unaozunguka mzizi wa jino hufutika mapema. Jibu lenyewe liko ndani ya tishu, katika kipimo ambacho jicho la mtu halifiki.

ANGA LENYE NYOTA

Kipande cha uvimbe, chenye ukubwa wa punje chache za maharage, hutumbukizwa kwenye formalini ili kisioze. Maabara hukikausha maji kwa pombe, hukizamisha kwenye nta, kisha hukikata vipande vyembamba mno, vya takriban elfu nne au tano za milimita. Kipande hicho hulazwa juu ya kioo na kupakwa rangi mbili, moja ya zambarau kwa ajili ya viini vya seli, nyingine ya waridi kwa ajili ya vilivyobaki.

Katika tishu ya kawaida ya taya mtaalamu huona mitaa: mfupa hapa, mishipa pale, nyuzi, mafuta, mizizi ya meno. Katika limfoma ya Burkitt mitaa hiyo imefutwa. Kioo chote kimejaa seli za duara za ukubwa mmoja, zilizobanana kama mtama kwenye gunia, viini vyao vikiwa vya zambarau iliyokolea. Nyingi zimekamatwa zikiwa katikati ya kugawanyika.

Halafu, hapa na pale katika giza hilo, kuna madoa meupe. Hizo ni seli kubwa za usafi za mwili. Uvimbe unakua haraka kiasi kwamba sehemu ya seli zake hufa zenyewe kila saa, na wasafishaji hao huja kula mizoga. Kwa mbali, weusi wote ule na madoa yale huonekana kama anga la usiku lenye nyota, na ndilo jina ambalo wataalamu wa patholojia wameupa mwonekano huo duniani kote. Ni jina zuri kwa kitu kibaya.

MULAGO, 1957

Kabla ya mtu yeyote kusoma kioo hicho sawasawa, kosa lilifanyika, na aliyelifanya ndiye ambaye ugonjwa unabeba jina lake.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji amtazame mtoto aliyekuwa amevimba pande zote nne za mataya, juu na chini, kushoto na kulia. Jipu haliji pande nne kwa pamoja. Daktari huyo wa upasuaji, Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa amepoteza jicho moja tangu utotoni, hakujua ni nini. Muda mfupi baadaye, akiwa ziarani hospitali ya Jinja, aliona kwa dirishani mtoto mwingine mwenye uso uleule. Alipompima alikuta ana mabonge tumboni pia.

Burkitt alirudi kwenye rekodi za Mulago akakusanya wagonjwa 38, na mwaka 1958 akachapisha makala katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza. Aliuita ugonjwa huo sakoma ya mataya, yaani saratani ya nyama na mifupa. Hakuwa wa kwanza kuuona. Albert Cook, daktari wa kimisheni aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, aliacha kumbukumbu za watoto wa aina hiyo. Burkitt alikuwa wa kwanza kuunganisha taya na tumbo kuwa ugonjwa mmoja, ila jina alilolichagua halikuwa sahihi.

Waliolisahihisha ni watu wa hadubini. Gregory O'Conor, mtaalamu wa patholojia kutoka Marekani aliyekuwa akifanya kazi Kampala na Jack Davies, alipitia vioo vya saratani za watoto vilivyohifadhiwa pale na kuona kwamba hizi hazikuwa seli za mfupa hata kidogo. Zilikuwa seli za kinga. Matokeo yao yalitoka mwaka 1960 na 1961. Dennis Wright, naye wa Kampala, aliuchora mwonekano huo kwa undani zaidi miaka iliyofuata.

Kwa mtu wa kawaida, sakoma na limfoma ni maneno mawili ya hospitali tu. Kwa mtoto yalikuwa na maana ya kisu au dawa. Sakoma hukatwa, na kukata taya la mtoto mwenye uvimbe uliokwisha kusambaa tumboni hakukumwokoa yeyote. Limfoma hutibiwa kwa dawa inayopita mwilini kote. Mapema miaka ya 1960 Burkitt, akiwa daktari wa upasuaji asiye na idara ya saratani, alianza kutoa dozi za saiklofosfamaidi, na akaona nyuso zikirudi katika umbo lake. Mwaka 1967 kikafunguliwa kituo cha tiba ya limfoma Mulago, kwa ushirikiano na Wamarekani, John Ziegler akiwa mkurugenzi wake wa kwanza. Ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

MPAKA USIOMZUIA MBU

Kutoka Ariwara, Arua ni safari fupi ya pikipiki. Bunia, makao makuu ya jimbo, iko zaidi ya kilomita 250 kusini. Shilingi ya Uganda hupokelewa sokoni Ariwara pamoja na faranga ya Kongo, na Kilugbara husemwa pande zote mbili. Mpaka wenyewe ulichorwa kufuata mgongo wa ardhi: mvua inayonyesha mashariki yake huteremkia Nile, ya magharibi huenda Mto Kongo.

Kwa hiyo yaliyogunduliwa upande wa West Nile hayakuwa habari za nchi nyingine kwa watoto wa Ariwara, na huko yaligunduliwa mengi kuliko karibu popote Afrika.

Daktari Ted Williams alikuwa hospitali ya misheni ya Kuluva, jirani na Arua. Oktoba 1961 yeye, Burkitt na daktari mwenzao Cliff Nelson waliingia kwenye gari kuukuu aina ya Ford na kusafiri hadi Afrika Kusini na kurudi, takriban kilomita 16,000 kwa wiki kumi, wakionyesha picha za watoto waliovimba mataya katika kila hospitali na kuuliza swali moja: mmewahi kuwaona? Ramani waliyorudi nayo ilikuwa ukanda. Kwenye nyanda za juu zenye baridi ugonjwa haukuwepo. Afrika Mashariki, juu ya takriban mita 1,500, ulitoweka. Ulikuwa mahali penye joto, penye mvua, penye mbu. Ariwara iko chini ya kimo hicho.

Huko Kuluva Williams aliendelea kuandika kila mtoto alikotoka. Mwaka 1967 yeye, Malcolm Pike na Wright walichapisha taarifa za wagonjwa wa West Nile wa kati ya 1961 na 1965, zikionyesha kwamba watoto waliougua kwa nyakati zinazokaribiana walitoka pia sehemu zinazokaribiana zaidi ya ambavyo bahati ingeweza kueleza. Hiyo ni tabia ya kitu kinachoambukiza.

Wakati huo kirusi kilikuwa kimeshaonekana. Anthony Epstein, mtafiti wa London aliyemsikiliza Burkitt akihutubia mwaka 1961, alikuwa akipokea vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester. Kipande kilipomfikia kilikuwa kwenye maji yaliyochafuka, na mtu mwenye haraka angeyamwaga akidhani bakteria wameingia. Epstein aliweka tone chini ya hadubini akakuta ni seli za uvimbe, hai, zinaelea. Kutokana nazo, yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walikiona kirusi kwa hadubini ya elektroni na kuchapisha Machi 1964. Ndicho kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Tatizo ni kwamba karibu kila mtoto Afrika huambukizwa kirusi hicho akiwa mdogo sana, na walio wengi hawaugui kamwe. Mwaka 1972 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, likiongozwa katika kazi hiyo na Guy de-Thé, lilianza kukusanya damu za watoto wa West Nile, kijiji kwa kijiji. Watoto wapatao 42,000 walitoa damu. Kisha watafiti wakasubiri.

Matokeo ya 1978 yalihusu watoto 14 tu waliougua. Damu yao ilitolewa wangali wazima, na katika wengi wao kingamwili dhidi ya kirusi hicho zilikuwa juu kupita kawaida miezi mingi kabla ya shavu kuvimba. Kwa mtoto mwenye kiwango hicho, hatari ilikuwa takriban mara 30 ya wengine. Watoto 14 kati ya 42,000 ni wachache, na ndiyo maana ugonjwa huu husahaulika: ni nadra kiasi cha kutomjia akilini muuguzi anayeona majipu kila wiki. Mwaka uliofuata vita vilivyomwondoa Idi Amin vilifika West Nile, na maelfu ya watu wa eneo lilelile walivuka mpaka kuingia Sudan na upande wa Aru, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo.

Malaria ndiyo mshirika wa kirusi. Homa zinazojirudia huzilazimisha seli za kinga kuzaana bila kupumzika, na katika kazi hiyo seli hukata na kuunga vinasaba vyake. Siku moja seli moja huunga vibaya. Jeni inayoitwa MYC, iliyopaswa kukaa kwenye kromosomu ya 8, hupachikwa mara nyingi kwenye ya 14, mahali ambapo swichi haizimwi. Katika wilaya ya North Mara, Tanzania, kati ya 1977 na 1982 watoto waligawiwa klorokwini kuona kama kuzuia malaria kungepunguza uvimbe. Wagonjwa walipungua, lakini walikuwa wameanza kupungua kabla ya vidonge, na jibu halikutoka safi.

RANGI ILEILE YA MALARIA

Maabara yoyote ndogo inayotafuta malaria kwa hadubini tayari ina nusu ya vifaa. Ina hadubini, ina vioo, ina rangi ya Giemsa.

Rangi hiyohiyo huonyesha Burkitt. Daktari au muuguzi aliyefunzwa huchoma uvimbe kwa sindano nyembamba, hutandaza majimaji kwenye kioo, huyaacha yakauke na kuyapaka rangi. Nta haihitajiki, wala wiki ya kusubiri. Ikiwa ni jipu, kioo kinajaa seli za usaha na bakteria. Ikiwa ni Burkitt, zinaonekana seli kubwa za duara, za buluu kali, zenye vitobo vyeupe vingi kama zimedungwa pini. Vitobo hivyo ni matone ya mafuta. Aliyewahi kuviona hasahau, na shida ndiyo hiyo: fundi wa maabara aliyetumia miaka kumi akihesabu vijidudu vya malaria huenda hajawahi kuonyeshwa kioo kimoja cha namna hiyo.

Sindano haimalizi kazi. Inatoa shaka nzito inayotosha kumwondoa mtoto nyumbani siku hiyohiyo. Uthibitisho bado unataka kipande na mtaalamu wa patholojia, na hao ni wachache mno nchini Kongo, wengi wao wakiwa Kinshasa, upande wa pili wa nchi. Kipande nacho husafiri vibaya. Kilichotiwa kwenye maji ya chumvi badala ya formalini, kikakaa siku tatu kwenye joto, hufika kikiwa uji, na hakuna rangi itakayokirudishia mitaa yake.

Ndiyo maana kwa familia ya Ariwara jibu la haraka zaidi mara nyingi liko ng'ambo. Kuluva bado ipo. Hospitali ya Lacor mjini Gulu hutibu limfoma ya Burkitt. Zote mbili zilishiriki utafiti wa miaka ya 2010 uliowaunganisha watoto wa kaskazini mwa Uganda, magharibi mwa Kenya na kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Huko Kampala, taasisi iliyozaliwa na ugonjwa huu ingali ndani ya Mulago.

Kinachochelewesha huanza kabla ya barabara. Jino lililolegea hung'olewa, na wiki mbili hupita kusubiri kidonda kifunge. Hakifungi. Unafuata mzunguko wa dawa za bakteria, au mitishamba ya kupaka, au vyote. Kila wiki hizo mbili, kwa uvimbe unaojirudufu kwa siku moja au mbili, ni muda mrefu sana.

Tiba yenyewe ina hatari ambayo wazazi wanapaswa kuambiwa mapema. Dozi ya kwanza huua seli nyingi kwa mpigo, na mabaki yake yanaweza kuziba figo ndani ya siku chache. Mtoto huhitaji maji mengi ya mshipani na dawa ya kulinda figo kabla na baada ya sindano, kwa hiyo dawa hii si ya kutolewa zahanati na kumrudisha mtoto nyumbani jioni. Huko Cameroon, hospitali za misheni zilizotumia mpango mwepesi unaojengwa juu ya saiklofosfamaidi zimeponya zaidi ya nusu ya watoto. Katika nchi tajiri, kwa dawa nyingi na uangalizi mkubwa, hupona zaidi ya tisa kati ya kumi.

Halafu kuna mtego wa mwisho, nao unatokana na mafanikio yenyewe. Baada ya dozi ya kwanza shavu hupungua mbele ya macho. Ndani ya wiki moja mtoto anakula. Mama ana wengine wanne nyumbani, meza yake sokoni imekaa bila mtu, nauli ya kurudi imebaki kidogo, na mtoto anayemwona kitandani amepona. Ratiba kwenye kadi inasema bado dozi tano. Kwa hadubini, uboho wake au maji ya uti wa mgongo bado vinaweza kuwa na seli chache za buluu zenye vitobo, na mama hana njia ya kuziona.